Ngoro Haianzi kwa Jembe

Kila shimo kwenye ramani yangu lilikuwa sawasawa na mwenzake. Moja nililifuta mara saba kwa sababu ukingo wake ulipinda kidogo, kasoro ambayo hakuna mchezaji angeiona.

Gemu lenyewe la kompyuta ni la kilimo. Waliolitengeneza wanaruhusu wachezaji waongeze mashamba yao, ila kwao shamba ni tambarare na trekta. Nilijifundisha peke yangu, kwa video na kwa kukosea, kutengeneza mlima. Nilitaka Umatengo, kwetu milimani, uwemo: mteremko, kahawa, na ngoro zetu, yale mashimo ya mraba yanayopangana mlima mzima na kuzuia mvua isiondoke na udongo.

Kwenye kundi la wachezaji nilijigamba kwamba nimekulia kwenye ngoro. Ukweli ni kwamba nimekulia bwenini. Msimu wa ngoro unanikuta shuleni, na mama hakuwahi kunilazimisha. Mashimo yangu niliyanakili kutoka kwenye picha. Niliogopa Mmatengo mmoja tu afungue ramani aseme, huyu binti si wetu.

Kwa hiyo kabla ya kuipakia mtandaoni nilimpelekea mama kompyuta jikoni. Nilimwonyesha mwanamke wangu wa kwenye kioo akichimba shimo, akihamia lingine. Mama aliangalia huku akichambua maharage, kisha akauliza huyo dada anazika nini.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nyasi ziko wapi?"

Nilisema zipo, nimezipanda pembeni kama pambo. Akaweka ungo chini, akachukua vijiti vya kuni na kuvipanga sakafuni vikikatana, vikaacha vyumba vyumba. Hizo ndizo nyasi zilizofyekwa, akasema. Marehemu baba yako alikuwa akizilaza hivi, halafu mimi nakuja na jembe, natoa udongo katikati ya kila chumba na kuzifukia.

"Mwanangu, sisi hatuchimbi shimo. Tunajenga matuta. Shimo ni pale panapobaki."

Tuta lisilo na nyasi tumboni, aliongeza, linateremka na mvua ya kwanza hadi kwa jirani, na jirani atakusema mpaka Krismasi.

Machozi yalinilenga. Nikamwambia nilivyodanganya kwenye kundi.

"Mimi nilifundishwa na bibi yako mzaa baba," alisema, "na alinicheka wiki nzima. Waandikie."

Niliandika kwamba sikujua, na kwamba mama amenifundisha kwa vijiti. Nilifuta nusu ya sentensi zangu, nikazirudisha, nikatuma kabla sijabadili mawazo. Kisha nikaanza mlima upya. Sasa nyasi zinalazwa kwanza, na asiyezilaza mvua inambomolea matuta. Mashimo hayalingani tena. Bado yananisumbua.

Wiki iliyofuata mchezaji wa nchi ya mbali alilalamika kwamba matuta yake yote yameteremka, ramani yangu ni mbovu. Nilimsomea mama, akanikatiza kabla sijafika mwisho.

"Muulize kama alianza na jembe."

Alikuwa ameanza na jembe.