Sauti ya Mama wa Fonii

Juma lililopita, hapa Goma, nilikuwa nawaonyesha vijana jinsi ya kukata waya wa antena, binti mmoja akaniuliza nilisomea wapi kazi hii. Nikamjibu, "Kalembe." Akacheka, akadhani ni jina la chuo. Sikumweleza zaidi, maana watu walikuwa wengi na mvua ilikuwa inakaribia. Lakini wewe nitakueleza.

Kalembe iko pale Masisi inapoishia na Walikale kuanza. Upande mmoja ni milima ya malisho, mashamba ya maharagwe na baridi ya asubuhi. Upande wa pili ni msitu. Mimi niliishi na bibi na baba. Baba alikuwa mbeba mizigo. Aliteremka Itebero kwa miguu na chumvi na sabuni, akarudi na mawese mgongoni. Ilikuwa vita, na mtu akiondoka hukujua kama atarudi. Habari zake tulizipata kwa fonii, yaani redio ya kusemea iliyokuwa katika duka la jirani yetu.

Jirani huyo alikuwa mjane kutoka upande wa Butembo, mwembamba, mwenye rozari shingoni na ulimi mkali. Kazi ya redio alifundishwa na mapadri akiwa msichana. Wote tulimwita Mama wa fonii. Sijui aliona nini kwangu. Siku moja tu aliniita nishike ngazi alipokuwa anafunga waya juu ya mkaratusi, na tangu hapo kila nikitoka shule nilikwenda kwake.

Hakuwa mwalimu mpole. Kitabu chetu kilikuwa karatasi chache za Kifaransa zilizoliwa na mende, na kipaza sauti changu cha kujifunzia kilikuwa gunzi la mahindi. Tulikaa mlangoni tukichambua maharagwe, mimi nikiliambia gunzi, "Alpha, Bravo, Charlie," na nikikosea herufi alinigonga nalo kichwani. Alinifundisha kupangusa umande kwenye sahani ya jua iliyochaji betri, kusugua vichwa vya betri kwa majivu, kufunga waya mwekundu kwa mwekundu. Hadi leo nikisikia harufu ya asidi ya betri naisikia na ile ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa inachemka nyuma ya duka.

"Mutoto, sikia kwanza," alikuwa akisema. "Hewa haiko yako peke yako. Sikia kama kuko mutu anasema. Kisha ita mwenzako mara mbili, njo utaje jina lako. Ukimaliza, sema 'kwako'. Na kama hajarudilia maneno yako, ujue hayajafika."

Hewani sisi tulikuwa Kilima. Itebero ilikuwa Kipepeo. "Kipepeo, Kipepeo, hapa Kilima, unanipata? Kwako." Mashine ilitatarika kama mafuta kwenye sufuria, halafu sauti ya mzee mmoja ikatoka ndani ya msitu: anatupata vizuri, baba yangu amefika, ameshakula lituma, ndizi zao za kuponda. Nilikimbia kumwambia bibi, naye akaendelea kutwanga kama mtu ambaye hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Wenye silaha walifika siku ya soko, asubuhi. Wakati huo hatukuuliza tena ni kundi gani. Walimpiga risasi mwenye mbuzi aliyekataa kuachia kamba, wakamwacha hapo hapo kati ya vitunguu, kisha mkubwa wao akaingia dukani. Mimi nilikuwa chini, nafunga betri. Alinitazama kama anavyotazamwa kuku.

"Mama, wewe njo unasema na watu ya Itebero?"

"Njo mimi, Papa."

"Uwaambie njia iko muzuri. Wabebaji wote wakuye na mizigo, kesho."

Baba alikuwa Itebero pamoja na wenzake, wakingoja neno hilo hilo.

Mama wa fonii akafuta mikono kwa kitenge. Akashika kipaza sauti, na hakusikiliza hewa kwanza. Alianza kusema papo hapo, mbio mbio. Alitaja Kilima kabla ya Kipepeo. Akasema njia iko muzuri, wabebaji wote wakuye kesho, "kwako" akaiweka katikati ya maneno, na mwishoni hakuomba warudilie. Kwa yule mkubwa ilikuwa kelele ya redio tu. Mimi, ambaye alinigonga kwa gunzi kwa makosa madogo kuliko hayo, niliachia waya wa betri, nikamtazama.

Halafu yule mzee akajibu polepole, "Bien reçu, Kilima," yaani amepokea. Hakurudilia hata neno moja.

Wale wenye silaha walilala kwenye matope kando ya njia kuwavizia, mvua ikiwanyeshea, na hakuna mbebaji aliyetokea. Waliporudi walimtoa Mama wa fonii mbele ya duka, wakamchapa kwa waya wake mwenyewe wa antena. Bibi alinikandamiza uso kifuani mwake, lakini masikio hakuyaziba. Nilidhani watamuua. Hawakumuua, kwa sababu walihitaji mtu anayejua mashine. Walimtwika ile betri kichwani, damu ikimtiririka mgongoni, wakamsukuma kuelekea msituni. Hakugeuka kutuangalia.

Baba alirudi baada ya majuma mengi, kwa njia ya kuzunguka. Alisema mzee wa Itebero aliweka kipaza sauti chini, akawaambia, "Musiende. Kalembe kumeharibika. Ule mama hajasemaka vile hata siku moja."

Kila aliposhuka Itebero baba alimuuliza mzee huyo kama anamsikia Mama wa fonii hewani. Ndiyo, alikuwa anamsikia, anapeleka maneno ya wale watu kwa namna yake ileile safi. Mzee aliwahi kumwita, hakuitika. Kisha siku moja sauti kwenye hewa ile ikawa ya mwanaume, na haikubadilika tena.

Kalembe ilisema alikwenda kwa kupenda, amekuwa mke wa mkubwa. Hata mbebaji mmoja kati ya wale aliowaokoa alilisema hilo nyumbani kwetu, akitafuna. Bibi aliinuka, akamnyang'anya sahani, akamwaga chakula kwa kuku.

Nilipita pale mwaka jana. Duka halipo, mkaratusi umekatwa ukachomwa makaa, na kila kijana ana simu. Niliuliza habari za Mama wa fonii kwa watoto wa wabebaji wale, hawamjui. Mimi namkumbuka bado: kidole chake kwenye kitufe, rozari, mishipa ya shingo. Nikifumba macho uso wake unakuja wote. Sauti ndiyo imepotea. Nimejaribu mara nyingi kuisikia, na haiji.