Mstari wa Wakwe

Mama yangu alizaa wasichana sita, halafu akafunga duka. Maneno hayo ni yake, si yangu. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikuja kukaa nyumbani kwetu wakitikisa vichwa, eti boma halina mvulana, sasa nani atalisimamisha. Mama aliwapa chai. Walipomaliza kunywa akawauliza kama kuna mwenye swali lingine, maana samaki wake walikuwa wanangoja sokoni. Wazee waliondoka wakinung'unika, na yeye akabeba karai lake akaenda zake.

Alikuwa anakaanga samaki pale soko la kando ya ziwa, Kisumu, tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mbuta wa vipande, ngege wazima, na siku mbaya omena tu. Soko lile lilikuwa na kila kitu isipokuwa choo. Wanaume walijifanya wanaangalia mitumbwi, wakamaliza shida zao. Wanawake walibana. Ukizidiwa uliingia kwenye matete huku mwenzako akikulindia, na masikio mmeyatega, kwa sababu viboko nao walikuwa na njia zao mle ndani. Kila diwani aliyekuja kuomba kura aliahidi choo, na kila diwani alipopata kiti alisahau kwamba wanawake wana kibofu.

Siku moja akiwa anapara magamba Mama alisema, bila hata kuinua uso, "Mimi nasimama udiwani." Dada yangu mkubwa alicheka. Mama hakucheka. Akaendelea kupara mpaka tukaelewa.

Mpinzani wake alikuwa mzee mmoja mwenye malori ya mchanga. Alikuwa na nyumba ya pili kule Milimani, yenye geti na mbwa, na vijana watano wa kiume wenye vifua. Huyo alikodi kipaza sauti akazunguka nacho mitaani. "Huyu mama ni mtu mzuri," alisema, na mtu akianza hivyo ujue unatukanwa. "Lakini ana wasichana tu, na wasichana wameolewa. Siku ya mlolongo nani atasimama nyuma yake? Paka wa sokoni?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa hapo hapo barabarani na mtoto mgongoni. Nilimjibu neno ambalo mume wangu alinikataza kulirudia, na kwa heshima yake silirudii hapa. Lakini niliumia. Niliumia kwa sababu hata baadhi ya wanawake wa soko, walionunuliwa soda siku hiyo, walicheka.

Kwa wale ambao hawakuyaona: miaka ile ya mwisho wa themanini kwetu hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulikuwa mlolongo, na mwenye kadi ya chama ndiye aliyepanga. Mgombea anasimama mbele uwanjani, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake mchana kweupe, kila mtu akimwona mwenzake, na ofisa anapita akihesabu vichwa. Mstari unabanwa kabisa, kifua kwa mgongo, ili mtu asichomeke katikati. Ukiacha nafasi, wapinzani wanapiga kelele kwamba mstari umekatika na waliobaki nyuma si wa mtu.

Hapo kwenye kifua kwa mgongo ndipo palipokuwa na shida yetu.

Sisi mabinti sita tuliolewa na wanaume wa mbali waliokuja kutafuta kazi mjini. Mmoja alikuwa wa reli, wawili wa kiwanda cha nguo, mmoja mwalimu, mmoja karani wa duka la Mhindi, na wangu fundi wa magari. Wote walipanga vyumba jirani na boma letu, katika wadi ile ile, na wote walikuwa na ndugu na marafiki waliopanga pamoja nao. Kura zilikuwepo, tena nyingi. Lakini hao ni wakwe. Na kwetu Waluo mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawali wakitazamana, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta upande wake. Ukivunja, chira, ile laana ya mwiko, inakufuata wewe na watoto wako, unakonda tu bila ugonjwa unaojulikana. Mume wangu siku moja alikutana na Mama kwenye kichochoro cha soko, nafasi ya kupita hakuna, akaingia mtaroni mpaka magotini na suruali yake ya kanisani. Akamsalimu kutoka mle mle. Mama akaitikia kwa adabu zote akapita.

Sasa mtu kama huyo utamwambia abanane na mama mkwe wake mbele ya wadi nzima? Yawa!

Ndiyo maana nikasema nipeni mimi kazi ya kupanga mstari. Mimi ni wa tatu kuzaliwa, na nyumbani inajulikana kwamba mdomo wote uligawiwa kwangu. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mama mbele. Nyuma yake wanawake wa soko, ambao si jamaa zetu. Kisha sisi mabinti sita. Kisha waume zetu na ndugu zao na marafiki zao mpaka mwisho. Hakuna mkwe wa kumgusa mama mkwe. Mama alinisikiliza akaniambia, "Wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa chifu mkorofi sana." Nililichukua kama sifa.

Asubuhi ile uwanja wa shule ulijaa. Mzee wa malori alisimama na koti lake, vijana wake watano nyuma yake, halafu matingo, wapakia mchanga na wapangaji wake. Mstari wake ulifika golini. Mama alisimama na kitenge kipya na kilemba, mgongo umenyooka. Wanawake wa soko wakapanga, wakiwamo wale wa soda, na mmoja wao akaniambia kwa sauti ya chini, "Soda nilikunywa, lakini naenda matete na nani?" Tukaingia sisi, wakaingia waume zetu. Mstari wetu ukafika golini pia. Ukiitazama ile mistari miwili hungeweza kusema upi mrefu.

Kisha nikasikia gari.

Mama mdogo, mke wa pili wa marehemu baba, alikuwa amekwenda Awasi kwenye mazishi pamoja na wake wote wa ukoo wetu, wake za baba zetu wakubwa na wadogo. Walikuwa warudi jana yake. Lakini Mama mdogo ni mtu wa kuchelewa, hata kwenye arusi yake alichelewa, na gari lao lilipata pancha. Sasa ndio hao wanashuka, wamama wazima wazima, nguo za msiba bado mwilini, wanakimbia na viatu mkononi kuja kumpa Mama kura. Tulishangilia. Wakafika mwisho wa mstari wetu, na pale wakasimama ghafla, mbali, mikono wameifunga.

Mwisho wa mstari wetu walikuwa wakwe watupu. Na hao wamama, kila mmoja wao, kwao ni mama mkwe, maana kwetu kila mke wa ukoo ni mama.

Waume zetu walipogeuka kuona ni nani yuko nyuma yao, walisogea mbele kwa pamoja kama waliomwagiwa maji ya moto. Pengo likazidi. Upande wa malori wakaanza: "Umekatika! Mstari umekatika!"

Ofisa alikuwa kijana mgeni, si mtu wa kwetu, na tai yake na filimbi na fimbo ya kuhesabia. Akaja akaliangalia lile pengo. "Hawa wa nyuma ni wa nani?"

"Ni wetu," nikasema. "Ni mama zetu."

"Basi wasogee."

"Bwana Ofisa, hawawezi kusogea. Hao wanaume ni wakwe zao."

"Wanaume warudi nyuma basi."

"Kwani hao wanaume watarudi nyuma wawaguse mama zao wakwe? Kwenu mnafanya hivyo?"

Aliniangalia kama mtu anayeumwa kichwa. "Mama, uchaguzi hauna mama mkwe. Mimi napiga filimbi ya kufunga sasa hivi. Baada ya filimbi hakuna kusogea, na penye pengo nakata."

Nikamtazama Mama mdogo. Amesimama pale na kadi yake ya chama ameishika kwa mikono miwili, machozi yanamlenga. Alikuwa tayari kwa lolote isipokuwa hilo moja. Nikamtazama mume wangu, jasho linamtiririka. Hasira zilinipanda, kwanza kwa ofisa, kisha kwa mila, kisha kwa pancha, halafu kwangu mwenyewe niliyejiona fundi wa mistari. Wakikatwa wale, tumekwisha. Mama atashindwa, na atashindwa kwa sababu ya wakwe, na mzee wa malori atalisema hilo kwenye kipaza sauti mpaka sote tuzikwe.

Basi nikatoka kwenye mstari.

"Dada zangu!" nikaita. "Tokeni! Twendeni nyuma!"

Walinielewa hapo hapo. Damu ni damu. Tukatoka wote sita, nguo tumezikunja mkononi, tukaanza kukimbia kuelekea mwisho wa uwanja. Upande wa malori hawakuelewa. Walichoona ni mabinti wa mgombea wanatoka kwenye mstari wake. Uwanja mzima ukalipuka. "Binti zake wanamkimbia! Wamemwacha! Oooi!" Mmoja wa wale vijana watano alituita kwa mkono, njooni huku, njooni.

Nikageuka kidogo nikiwa nakimbia, nikamwona Mama kwa nyuma. Kelele zote zile alizisikia. Aliambiwa na uwanja mzima kwamba wanawe wamemwacha, na hakugeuza shingo. Baadaye aliniambia kwamba kama angegeuka angeanguka. Mimi wakati ule niliona mgongo ulionyooka tu, nikazidisha mbio.

Tukafika. Dada mkubwa alijibandika nyuma ya mwanamume wa mwisho, sisi tukafuata mmoja mmoja, na mimi nikawa wa mwisho. Nikampa Mama mdogo mgongo wangu. "Njoo," nikamwambia. Akaja akanikumbatia kiunoni, na wale wamama wengine wote wakamwagika nyuma yake. Mbele, waume zetu walikuwa wameshasogea wakaziba nafasi tuliyoiacha. Filimbi ikalia.

Ofisa alipita na fimbo yake taratibu. Alipofika kwetu alisimama, akaangalia mbele walipo wakwe, akaangalia nyuma walipo mama wakwe, akatuangalia sisi katikati. Nafikiri hapo ndipo alipoelewa. Alinigusa bega kwa fimbo kwa adabu, akaendelea kuhesabu. Aliendelea kuhesabu kwa muda mrefu, maana wake wa ukoo wetu si wachache.

Waliohesabiwa nyuma yangu ndio waliotupa ushindi. Ofisa alipotangaza, sikusikia hata jina lote, nilisikia mlio tu, na Mama mdogo akanikanyaga kidole. Mzee wa malori alidai hesabu irudiwe, ikarudiwa, ikatoka vile vile. Akavaa kofia yake akaondoka na vijana wake. Choo kilijengwa, nikuambie kabisa. Mama aliwasumbua kwenye baraza la mji mpaka wakakijenga, na mabati ya mlango alikwenda kuyachagua mwenyewe.

Lakini ninachotaka kukisimulia ni kile kilichofuata pale uwanjani. Diwani akishinda hubebwa mabegani, akazungushwa watu wakiimba. Ni kazi ya wanaume. Na wanaume waliokuwepo upande wetu wangembebaje? Walikuwa wamejipanga kule mbali karibu na madarasa, wakwe wote na ndugu zao, wanapiga makofi, wanapiga miluzi, wanarusha kofia juu, na hakuna hata mmoja anayethubutu kusogea. Mama akabaki amesimama peke yake katikati ya uwanja na ushindi wake.

Dada mkubwa ndiye aliyeinama kwanza. Mimi nikashika paja, mwingine kiuno, wengine wakasukuma kutoka chini, na tukamwinua mabegani. Uzito wa yule mama! Miaka yote ya kuonja samaki. Alipiga kelele kwamba tutamwangusha, kwamba kitenge kinafunguka, kwamba tumepata wazimu. Tukamzungusha uwanja wote tukiimba, wamama wa ukoo wakipiga vigelegele nyuma yetu, na waume zetu kule mbali wakisimama wima kila tulipowakaribia, macho wameyainamisha kwa heshima.

Tulipomaliza kuzunguka tulikuwa hoi. Mdogo wetu alikuwa na mimba changa, na shingo yangu ilikuwa haigeuki. Nikamwambia Mama, "Haya, diwani, sasa tunakushusha."

Mama alikuwa ameshika kilemba changu kwa mkono mmoja na cha dada kwa mwingine. Akautazama uwanja wote kutoka kule juu.

"Bado," akasema. "Zungukeni tena."

Tukazunguka tena.