Kaseti ya Kimalei

Shangazi yangu alirudi kutoka Hija na kaseti aliyopewa na mama mmoja wa Malaysia, aliyelala naye chumba kimoja kule Makka. Hawakuwa na lugha moja ya kuongea, walikuwa wakichekeana tu. Kwenye kaseti ile mwanamke aliimba polepole kwa Kimalei. Alasiri, nyumbani kwetu Ujiji, sisi watoto tulisinzia mkekani tukimsikiliza, huku upepo wa ziwa ukiinua pazia. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilihisi kama ninaelea.

Kaseti ilikatika zamani. Mwaka jana nikamwona kwenye simu binti wa Kimalei akiimba wimbo uleule, kwa gitaa na midundo ya siku hizi. Nikampelekea shangazi, ambaye sasa haoni vizuri.

"Shikamoo, shangazi. Hebu sikiliza huu."

"Marahaba, mwanangu."

Akasikiliza kwa makini. "Huyu si yule wangu. Huyu bado mtoto, ana haraka."

"Nizime?"

"Acha."

Akaanza kuimba naye, maneno yote ya Kimalei, taratibu kama alivyoyazoea. Binti alipomaliza, shangazi alikuwa bado kwenye ubeti wa pili, nami sikumharakisha.