Karamelo ya Zuhura

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu naona aibu. Usinifanye kikongwe, mvi sina bado, lakini hili nimelipitia.

Mimi na Zuhura, binti wa mama yangu mdogo, tulikuwa tunauza peremende za sukari guru na tui pale Bungu, mabasi yanaposimama. Sote tulifundishwa na bibi yetu, Bibi Tabu, kwa sufuria moja. Siku hiyo akapita daktari mgeni kutoka Hispania, akala ya Zuhura, akamwambia kwao inaitwa karamelo. Zuhura akaliandika jina hilo kwenye ndoo yake. Weee! Abiria wanatoa vichwa madirishani: “Dada Karamelo, lete hapa!” Mimi na sinia langu kama nimekuja kumsindikiza.

Wivu ulinikaba. Nikawanong’oneza kina mama wa stendi, “Mnajua maana ya hiyo karamelo? Mafuta ya nguruwe hayo, kwa Kihispania.”

Siku ya pili ndoo ya Zuhura ilirudi nyumbani imejaa. Ya tatu vilevile. Akaanza kusema ataacha kupika.

Bibi Tabu akaniita. “Wewe, Kihispania ulikisoma lini?”

“Nilisikia tu, bibi.”

“Haya, Zuhura, mwambie.”

Zuhura hakunitazama. “Mgeni alinieleza. Neno limetoka Kilatini, lugha yao ya kale. Wengine wanasema lilianzia kwenye mwanzi mdogo, wengine wanasema muwa wa asali. Nikafurahi, maana miwa ya sukari yangu inatoka shambani kwa mama yako, Dimani.”

Bibi akanipa kipande. “Miwa ya mama yako hiyo umeipaka nguruwe. Kula.”

Nilikula huku nalia.

Kesho yake nikasimama palepale stendi. “Jamani, nilidanganya. Nilimwonea wivu.” Wakanizomea vizuri tu. Nikatafuna karamelo mbele yao, moja, ya pili, mpaka mama mmoja akasema, “Basi, utatumalizia!” Zuhura akanisogezea ndoo: “Shika upande huo, mkono unaniuma.”

Mwanangu, wivu utakuja, hauna hodi. Ukija, mwendee mwenzio umuulize amefanyaje, usimtungie ubaya. Na ulipodanganya, hapohapo ukaseme kweli, mbele ya walewale.

Mungu akupe mwenzio wa kushika naye ndoo, wala asikunyime pumzi ya kuomba radhi.