Chumba cha Bibi, Mtaa wa Mchikichi

Zulekha, fundi cherehani wa Ilala, hawezi kumwona mtu akishona vibaya akanyamaza. Atamnyang'anya nguo, atafumua, ataanza upya. Ndivyo alivyo, na hajifichi. Kwa hiyo mwalimu wa historia alipowaagiza wanafunzi wa darasa la tano waandike habari za nyumba aliyokulia mzazi, Amira binti yake hakupata hata nafasi ya kuchonga penseli. Mama mtu alikaa mezani akajaza kurasa nne kwa mwandiko wa kuunga: nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Mchikichi, baraza mbele, ukumbi katikati, harufu ya vitumbua kila asubuhi. Mara acheke peke yake, mara ajifute machozi. Mama yake Zulekha alipofariki, ndugu waliiuza nyumba ile, ikavunjwa, na hawakubaki na picha yake hata moja. Kazi hii ndiyo ingekuwa picha yenyewe. Ikiharibika, basi tena.

Jumatatu daftari likarudi. Mwalimu Rogath alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Nzuri sana, mama. Sasa naisubiri ya Amira. Mpeleke akaulize mwenyewe."

Zulekha aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Jumapili wakaenda Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, maduka mengi yakiwa yamefungwa. Ilipokuwa nyumba yao, sasa kuna ghorofa. Mlinzi alikuwa mlangoni.

"Shikamoo," Amira akasalimia.

"Marahaba. Mnatafuta duka gani?"

"Tunatafuta chumba cha bibi."

Mlinzi akacheka, akawapisha.

Zulekha alianzia kwenye ukuta wa jirani, ambao bado upo, akahesabu hatua. Amira akashika ncha ya futikamba, mama akachora mistari kwenye vigae kwa chaki yake ya kushonea.

"Huu ukumbi. Watoto tulilala hapa, kwenye mkeka."

"Wangapi?"

"Saba. Mjomba wako Anuari, mateke tupu!"

"Na bibi?"

Zulekha akachora mlango wa chumba cha mwisho, akaingia. "Kitanda chake kilikuwa upande huu. Ukitoka shule unaingia kumwamkia kwanza, ndiyo unaenda kula."

Amira akaandika taratibu. Mara mbili mama aliinyooshea mkono ile penseli, mara mbili akaurudisha.

Ijumaa kazi zilibandikwa ukutani darasani, wazazi wakaitwa kuzitazama. Mchoro wa Amira ulikuwa umepinda, na baraza limeuzidi ukumbi kwa ukubwa. Zulekha aliuma midomo, akasoma mpaka mistari ya mwisho:

"Nyumba haipo tena. Lakini mama alipofika kwenye mstari wa chumba cha bibi, alivua viatu ndiyo akaingia."

Zulekha akarudia kusoma. Hakuwa na habari kwamba alivua viatu. Katika kurasa zake nne zile, hilo halikuwamo. Alimvuta binti yake akambusu utosini, machozi yakimtoka mbele ya wazazi wote, na safari hii aliyeona haya ni Amira.