Kulwa Kwanza, Ndipo Doto: Mpiga Picha za Vifua vya Watoto Shinyanga

Kilio kinafika kabla mlango haujafunguliwa. Kinafuatwa na cha pili, kwa sauti ileile, kana kwamba ukuta umejibu.

"Hao ni mapacha," anasema Philomena Edward, mpiga picha wa hospitali, bila kugeuka, akifuta mashine ya ultrasaundi. "Mmoja akianza, mwenzake hakubali kupitwa."

Anaingia Mwamvua, mkazi wa machimbo ya Rwamgasa aliyefikia kwa mama yake mtaani Ngokolo, pamoja na mumewe Makoye, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Wamewabeba Kulwa na Doto, wa miezi minane.

Aliyeandikiwa kipimo ni Doto. Alikohoa, akapigwa eksirei, na picha ikaonyesha kivuli cheupe juu ya moyo. Dk. Donatus alieleza kwamba huenda ni tezi ya kawaida ya watoto wachanga. Mwamvua aliondoka na neno moja tu: uvimbe. Usingizi ukamwisha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mlaze Doto hapa."

"Tuanze na Kulwa," anasema Mwamvua. "Ndiye mkubwa. Akifanyiwa mmoja, wafanyiwe wote. Ndivyo tulivyolelewa."

Philomena anatabasamu. Kwa miaka kumi na mmoja kazini, hajawahi kumshinda mama wa mapacha. Eksirei hampigi mtoto mzima bure, ina mionzi. Ultrasaundi haina. Anamuuliza daktari, daktari anaridhia.

Kulwa analazwa. Kwenye kioo kinaonekana kitu laini kilichoufunika moyo, kikitikisika unapodunda. Kisha Doto. Kitu kilekile, palepale.

"Mama Kulwa, umeona? Wote wanacho."

Makoye anasogeza shingo. "Kumbe mashimo mawili, mwamba mmoja."

"Nyamaza wewe, hapa si machimboni," anasema mkewe, akicheka huku machozi yakimtoka.

Dk. Donatus anazitazama picha na kuthibitisha: ni tezi ya kinga, hupungua mtoto akikua.

Lakini Philomena hagawi faraja ya bure. Mwaka jana, kwenye kioo hichohicho, alimwona Hosiana, msichana wa miaka mitatu, akiwa na uvimbe wa kweli kifuani. Alipelekwa Mwanza akafanyiwa upasuaji. Leo anakimbiza kuku uani kwao.

"Yule aliwahi," anasema. "Wengi machimboni husema ni vumbi tu, kisha hungoja."

Ndiyo maana aliwasumbua wakuu wake hadi wakamkubalia kwenda huko na mashine ndogo ya kubeba.

Mlangoni anakishika kidole cha Kulwa.

"Mwezi ujao nakuja Rwamgasa kuwapima watoto wanaoumwa vifua," anamwambia. "Na nikifika, naanza na wewe, mkubwa. Nakuahidi mbele ya mama yako."