Muda wa Kiko Kimoja

Sauti iliyonishtua ilikuwa ndogo: kiko cha bibi yangu kikigongwa mara mbili kwenye ukingo wa kizingiti, asubuhi, nikiwa bado katikati ya sentensi.

Mtu mwingine asingeisikia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita karibu na nyumba yetu kijijini Mpemba, jirani na Tunduma, na malori yanayosubiri zamu ya kuvuka mpaka hupiga honi tangu alfajiri. Lakini kwangu mlio ule wa kiko ulikuwa na maana yake. Ulifunga kikao, na siku hiyo ulikuja kabla ya wakati.

Inafaa nieleze kikao chenyewe. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni, ninakosomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu udongo wa mashamba ya kahawa ya Mbozi. Siku ya kuwasilisha pendekezo langu mbele ya jopo, mhadhiri mmoja aliniuliza swali jepesi, kwa nini nilichagua mashamba yale na si mengine, na sauti yangu ikakatika. Sikulia wala sikuanguka. Nilisimama tu, kisha nikakusanya karatasi zangu, nikatoka, na kesho yake nikapanda basi. Msimamizi wangu aliniandikia ujumbe kwamba nimpigie simu nitakapokuwa tayari, naye ataliomba jopo linisikilize tena. Baadaye akaandika kwamba chuo kinataka jibu kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nafasi yangu itafungwa. Ujumbe huo niliusoma mara nyingi kiasi cha kuanza kutilia shaka hata mikato yake.

Siku niliyofika, bibi alinisikiliza mpaka akasinzia kwenye kiti. Asubuhi akaweka sheria.

“Mke mwenzangu,” aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, “mimi masikio yangu yamezeeka, siwezi kukusikiliza kutwa nzima. Nikiwasha kiko, sema. Nikigonga, umemaliza. Nenda kachote maji.”

Sheria hiyo hakuitunga kwa ajili yangu. Yeye na babu waliishi kwenye miji ya migodi ya shaba huko Zambia, babu akiwa mchimbaji, na kila ugomvi wa nyumba yao ulipewa muda wa kiko kimoja cha babu. Babu alipofariki, bibi alirithi kiko, sheria, na ladha ya tumbaku ile ile: iliyokatwa laini, yenye harufu inayokaribia zabibu kavu, inayouzwa kwenye kopo la bati. Hutengenezwa mbali kusini na huvuka zaidi ya mpaka mmoja kabla ya kufika Tunduma.

Sitetei tumbaku. Najua inavyoyadhuru mapafu, na nilishamwambia. Alinijibu kwamba daktari aliyemkataza amemzidi yeye kwa elimu tu, si kwa uhai. Ninachokumbuka hapa ni kile ambacho kiko kilinipa: muda wenye mwisho. Kabla ya hapo wasiwasi wangu haukuwa na mwisho.

Basi kiko kilipogongwa mapema, nilifikiri mambo mengi. Kwanza, kwamba amenichoka. Pili, kwamba anaumwa na ananificha. Tatu, na hili ndilo lililonikosesha raha, kwamba ameshafikia hukumu juu yangu na haoni haja ya kusikiliza ushahidi uliobaki. Siku zilizofuata hali ikawa ile ile. Hatimaye nilichungulia alipokuwa akishindilia tumbaku.

“Bibi, mbona unajaza nusu?”

“Kumbe macho unayo,” alisema. “Nilidhani chuo kiliyachukua pamoja na sauti.”

Akawasha kiko. Mchana nikaenda Tunduma mjini kwa mama anayemuuzia bibi tumbaku, ambaye ana kibanda cha ugoro, sigara na tumbaku ya majani si mbali na geti la mpaka. Nilimweleza ninachotafuta.

“Ya kopo? Mwanangu, hiyo usiniulize,” alisema. “Ungesema nyanya, ningekuletea kesho asubuhi. Mfanyabiashara mdogo mwenye tenga lake la nyanya anapita mpakani kwa karatasi moja, bila ushuru. Lakini tumbaku ya kopo ni ushuru wa forodha, juu yake ushuru wa bidhaa, juu ya vyote hivyo kodi ya ongezeko la thamani, halafu stempu za kodi. Walipopandisha ushuru, tajiri anayeniletea akapiga hesabu, akaniambia yeye sasa ni sigara tu.”

“Si ungepandisha bei?”

“Nilipandisha. Wakabaki wateja wawili, bibi yako na mzee mmoja mstaafu wa reli. Niagize katoni nzima kwa watu wawili? Nitazikwa nayo.”

Nilisimama nikilitafakari hilo. Nilikuwa nimeamini kwamba kazi ya ushuru ni kupandisha bei, na kwamba mwenye kutaka kitu hubana matumizi mengine akakinunua. Sikuwa nimefikiri kwamba bidhaa yenye wavutaji wachache hupanda bei kwa kitambo kifupi tu, kisha hutoweka kimya kimya, bila mtu yeyote kuipiga marufuku.

“Na zile njia nyingine?” niliuliza, nikishusha sauti.

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akacheka. “Njia za panya, wewe? Ukikamatwa na kopo la bibi utajieleza vipi? Kwani unasomea nini?”

“Udongo.”

“Basi rudi kwenye udongo wako.” Kisha, akipanga sigara zake, akasema kama jambo la kupita tu: “Bibi yako alichukua kopo langu la mwisho. Akasema anaacha cha jioni, abaki na cha asubuhi, kwa sababu asubuhi ana mjukuu wa kusikiliza.”

Kiko cha jioni ndicho kilichokuwa starehe yake. Alikivuta baada ya chakula, uani, peke yake, na tangu zamani hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha wakati huo. Mimi nilikuwa pale kila jioni, nikiosha vyombo, nikiwaza jopo, wala sikuona kwamba kiti cha uani kimekuwa kitupu.

Nilinunua tumbaku ya majani iliyosokotwa, inayolimwa hapa hapa nchini, nikampelekea. Aliinusa, akavuta mara moja, akakohoa na kucheka kwa pamoja.

“Natotela, mke mwenzangu,” alisema, kwa shukrani ya Kibemba aliyotoka nayo migodini, “lakini hii ni ya kufukuzia mbu. Mume wetu angeniacha.”

“Kwa nini hukuniambia kwamba umeacha cha jioni?”

“Ungeanza kuhesabu moshi badala ya kusema.”

Alikuwa amesema kweli. Asubuhi zilizofuata nilijitahidi kutohesabu, ila nusu kiko ilinilazimisha kuchagua. Nilipopewa kiko kizima nilianzia mbali, kwenye mpangilio wa viti vya jopo na namna mwenyekiti alivyokohoa. Sasa nilianza na lililo kubwa. Asubuhi moja nikasema, “Naogopa kwamba niliondoka kwa sababu sikuwa na jibu.”

“Sasa unalo?”

Nilikuwa nalo. Mashamba yale yako kwenye mteremko mmoja na yanapata mvua moja, ila wakulima wake wanayatia mbolea tofauti. Kwa tofauti ya udongo wake, huwezi kusingizia mvua wala mwinuko. Nililisema lote kwa pumzi moja.

“Mbona unaniambia mimi?” alisema bibi. “Mimi nina kahawa?” Akagonga kiko.

Mwezi ulikuwa unaishia, na kopo pia. Jumamosi alfajiri nilimkuta akikwangua kitako cha kopo kwa ncha ya kisu. Alipotaka kujaza, niliushika mkono wake.

“Hicho kivute jioni, bibi. Wewe peke yako.”

“Na wewe utasemea wapi?”

“Nina mtu wa kumpigia.”

Hakunisifu. Alifunga kopo, akaliweka juu ya kabati, akaniambia maji yameisha.

Jioni ile, baada ya chakula, alitoka akaketi kwenye kiti chake uani. Niliona moshi wa kwanza ukipanda, na harufu ile ya zabibu kavu ikaingia jikoni. Hakuna aliyemsemesha. Nikaviacha vyombo, nikatokea mlango wa mbele kunakosikika malori, nikalitafuta jina la msimamizi wangu kwenye simu. Nikapiga. Alipokea mapema kuliko nilivyojiandaa.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba. Nilikuwa nakusubiri.”

“Siku ile niliulizwa kwa nini nilichagua mashamba yale,” nilisema. “Naomba nijibu.”